Ujimbi wa Mtu Mmoja

Ujimbi, pombe ya mtama, haupikwi kwa ajili ya mtu mmoja. Wazee wa Ugogo walilisema neno hilo kwa sababu ya chungu chenyewe. Ukipika kidogo, haichachuki vizuri. Ukipika kwa kipimo chake, huwezi kuimaliza. Leo ni tamu, kesho ndiyo yenyewe, keshokutwa humwagiwa mbuzi. Kwa hiyo mwenye chungu cha ujimbi, awe mkarimu au awe bahili, alilazimika kuita watu, na watu walipokuja walikuta mahali pa kukaa, na walipokaa walizungumza. Mimi naamini urafiki mwingi wa nchi hii kavu ulianza hivyo, kwa hofu ya kumwaga.

Methusela Matonya alilijua neno hilo tangu utotoni, lakini hakuwahi kulitafakari mpaka alipobaki peke yake katika nyumba yake ya Nkuhungu. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, aliyesomeshwa na mapadri wa Bihawana, na karibu maisha yake yote ya kazi aliyatumia katika stesheni ya reli akiwa karani wa vifurushi. Magunia ya karanga, baiskeli, mikungu ya ndizi kutoka kwingine, majeneza pia: vyote vilipita mikononi mwake, na hakuna hata kimoja kilichokuwa chake. Stesheni ilimfundisha mambo mawili ambayo hakuyaacha hata alipostaafu. La kwanza, kuvaa shati lililopigwa pasi hata kama hakuna anayekuja. La pili, kwamba simu ni chombo cha haja. Enzi zake, mtu aliyeshika simu ya stesheni bila sababu alikuwa anazuia treni.

Mkewe, Evarista, hakuwa na ukimya huo. Jumamosi alikitoa chungu chake nje, kwenye kivuli cha ukuta, na bila mwaliko wowote watu walifika: fundi cherehani, walimu wawili watatu, kina mama wa jumuiya baada ya kusali, mzee aliyekuwa akiuza ngozi. Evarista alijaza vibuyu, alitania, alisuluhisha ugomvi wa watu na wake zao. Methusela aliketi kwenye kona ya benchi, akisikiliza, na kwa miaka mingi alidhani kwamba wale walikuwa wageni wake.

Evarista alipofariki, watu walijaa uani mpaka barabarani. Baada ya mazishi walikuja kwa makundi, kisha wawili wawili, kisha mmoja mmoja, kisha wakakauka kama maji ya korongo masika yanapokwisha. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wageni wa chungu, na chungu kilikuwa kimefunikwa kifudifudi jikoni. Methusela alilielewa jambo hilo polepole, na kwa kuwa halikuwa kosa la mtu, hakuwa na mtu wa kumlaumu, hali iliyomfanya aone upweke wake kuwa mzito zaidi.

Alikuwa na mtoto mmoja, Anitha, aliyekuwa msimamizi wa vinywaji katika hoteli moja jijini Mwanza na aliyemlea peke yake binti yake, Sabrina. Anitha alipiga simu Jumapili, kama hakusahau, na mazungumzo yao yalikuwa mafupi kama tiketi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Hamjambo huko?"

"Hatujambo. Unaendeleaje?"

"Naendelea."

"Mvua?"

"Bado."

"Haya, baba. Tutaongea."

Mwaka wa pili wa ujane wake, Methusela alikiinua kile chungu. Hakuwa na kusudi la kumwita mtu. Alitaka tu kuisikia ile ladha. Aliloweka mtama, akauacha uchipue ndani ya gunia lenye unyevu, akauanika, akausaga ukawa kimea. Akapika uji, akaupoza, akatia kimea, akafunika. Ulipochachuka na kuanza kuongea peke yake chini ya kifuniko, alisimama jikoni kwa muda mrefu akiusikiliza. Akanywa vikombe viwili uani. Vilikuwa karibu sawa na vya Evarista. Kesho yake akanywa vingine viwili. Kilichobaki kikachacha, na akakimwaga kwenye shina la mkomamanga, akiona aibu kana kwamba anamwaga chakula mbele ya watoto wenye njaa.

Jumapili hiyo, kwa kuwa kwa mara ya kwanza alikuwa na habari ya kueleza, alimweleza Anitha. Anitha akasema, "Baba, usipike tena mpaka nikutumie kitu."

Kitu hicho kilifika kwa basi, kimeviringishwa ndani ya mablanketi. Methusela alikwenda kituoni kukichukua, na karani kijana alipomsukumia kifurushi chenye jina lake, alisita kidogo kabla ya kutia saini. Ndani ya mablanketi mlikuwa na pipa la chuma lisiloshika kutu, refu na jembamba, ambalo hoteli ilikuwa imeliuza pamoja na vitu vingine vya zamani. Mlikuwa pia na mtungi mdogo wa gesi, saa ya kupimia yenye sindano, mipira miwili na koki.

Jirani yake, Mzee Hasani, Mrangi wa Kondoa mwenye duka la vitunguu na ufuta, alikuwa amesimama kwenye ua wa michongoma Methusela alipoteremsha mzigo huo kutoka kwenye bajaji.

"Jirani, umenunua bomu?"

"Ni pipa la pombe."

"Basi ni bomu," Mzee Hasani alisema, akarudi kwenye vitunguu vyake.

Anitha alipiga simu jioni hiyo, na haikuwa Jumapili. Akamweleza baba yake shabaha ya mambo yote. Pombe huharibiwa na hewa tunayoivuta; ukiifungia ndani ya chuma, ukaifukuza hewa hiyo na kuweka hewa ya ukaa mahali pake, pombe itakaa wiki nyingi bila kuchacha. Tena gesi hiyo itazama ndani ya pombe na kuipa mchemko kama wa bia ya dukani. "Utakunywa kikombe kimoja kwa siku ukitaka, baba, na hutamwaga hata tone."

Methusela alizitoa rafu za jokofu la Evarista, akalisimamisha pipa ndani yake, akajiona kama mtu aliyeanza shule uzeeni.

Mara ya kwanza alishindwa kwa kosa ambalo Mgogo peke yake angelifanya. Ujimbi wa kwao hunywewa pamoja na unga wake. Machicha ndiyo mwili wa pombe, na pombe iliyochujwa ikawa maji matupu ni dharau kwa mgeni. Basi aliumimina mzima mzima, na machicha yake. Alipofungua koki, ilitoka sauti kama ya mtu anayesafisha koo, kisha tone moja, kisha hakuna kitu.

"Umechuja?" Anitha aliuliza.

"Mama yako hakuchuja namna hiyo."

"Mama hakuwa na koki, baba. Hilo bomba ni jembamba kuliko kidole. Chuja kwa kitambaa mara mbili, uache itulie, umimine ya juu taratibu bila kuitibua."

Ilimbidi alifungue lote, alioshe, apike upya. Hilo lilichukua muda, na karibu kila jioni Anitha alipiga kuuliza palipofikiwa. Mara ya pili pombe ilikuwa safi, lakini sindano ya saa ilishuka yenyewe kila alipolala. Anitha akamfundisha kupaka povu la sabuni kwenye kila kiungo na kutazama: panapotokota viputo ndipo panapovuja. Methusela alipiga magoti mbele ya jokofu, simu ikiwa imebanwa begani, akipaka povu kwa brashi ya kunyolea.

"Unaona nini?"

"Hapa pako kimya. Hapa pia. Subiri. Hapa pana viputo, kwenye shingo ya mtungi."

"Kaza nusu mzunguko. Usikaze kwa hasira."

"Mimi nina hasira?"

"Wewe huna, ila spana inayo. Nakukumbuka na baiskeli ile uliyoikaza mpaka nati ikakatika."

Akacheka. Alikuwa hajacheka ndani ya nyumba hiyo kwa muda mrefu, hata sauti ilimshtua. Na kwa kuwa kiungo kilihitaji kutazamwa kwa muda, Anitha hakukata simu. Alimsimulia habari za meneja wake anayeogopa paka, za Sabrina aliyefaulu kwenda shule ya bweni na anayejifanya haogopi, za chumba alichopanga ambacho paa lake hulia mvua ikinyesha. Methusela aliambiwa mambo ambayo baba huambiwa mara chache. Alijibu kwa maneno machache, kwa sababu hakuwa na mengine, lakini aliyahifadhi yote.

Mara ya tatu alifanya kila kitu kwa utulivu. Alichuja, akaacha ikatulia, akaimimina kando kando ya pipa. Akafunga kifuniko, akatia gesi kidogo, akavuta kipete cha kifuniko kinachofungua tundu la hewa, hewa ya zamani ikatoka, akarudia tena na tena. Akaliacha pipa lipoe kwanza, kwa maana Anitha alimwambia kwamba pombe yenye joto huikataa gesi na yenye baridi huipokea. Akafungua mtungi, akaweka sindano pale alipoelekezwa, akaondoka bila kulitikisa pipa kama wafanyavyo wenye haraka. Ilipita wiki nzima na zaidi.

Jumapili moja alipotoka kanisani, akiwa bado amevaa shati la misa, alipunguza gesi, akakiinamisha kikombe chini ya koki, akafungua. Ukatoka ujimbi wa rangi ya udongo wa Ugogo wakati wa mvua, wenye povu jeupe lililopanda polepole na kusimama. Alikunywa. Ulikuwa ule ule wa Evarista, ila sasa ulikuwa na makali madogo ya kuchekesha ulimi, kama Evarista mwenyewe alipokuwa akimtania mtu. Methusela aliketi kwenye benchi kwenye kona yake, akanywa kikombe kizima, machozi yakamlengalenga.

Kisha simu ikalia.

"Baba! Imekuwaje leo? Umefungua?"

Alikifungua kinywa ili amwambie. Maneno yalikuwa yamekwisha kujipanga. Lakini nyuma ya maneno hayo aliiona Jumapili iliyofuata, na nyingine baada yake: hamjambo, hatujambo, mvua, bado. Kifurushi kikishafika, karani hana kazi tena na mwenye kifurushi.

"Bado," Methusela alisema. "Haina gesi. Imelala tu kama maji ya mtungini."

"Ah! Pole, baba. Usijali. Kesho tutatafuta tatizo."

Hivyo ndivyo mtu aliyekuwa hajawahi kupunguza hata kilo moja kwenye mizani ya stesheni alivyoanza kusema uongo. Na uongo, kama pombe, unahitaji kimea kipya kila mara. Wiki hiyo sindano ilikataa kupanda. Wiki iliyofuata ilipanda ikakataa kushuka. Mara povu ni jingi kupita kiasi, mara hakuna hata chembe. Alijifunza pipa lile kwa undani kuliko ambavyo angelijifunza kama lingekuwa bovu kweli, kwa sababu ilimpasa kuubuni ubovu ambao Anitha angeuamini. Kila jioni alijaza kikombe, akakaa uani, akaanza kueleza.

Jioni moja Mzee Hasani alipita na kilo ya vitunguu aliyoagizwa, akamkuta katikati ya maelezo. Akasimama mpaka simu ilipokatwa.

"Jirani," alisema, "mimi sinywi, lakini dini haikunifumba macho. Kikombe kina povu kama sufuria ya maziwa, na wewe unamwambia mtoto kwamba pombe imekufa."

Methusela alikifunika kikombe kwa kiganja.

"Basi unamwibia binti wa watu muda wake."

"Ni binti yangu."

"Ndiyo maana nasema kwa upole. Mwambie umemkumbuka, mambo yaishe."

"Wewe wako wanakaa nyumba ya tatu kutoka hapa, Mzee Hasani. Hujui mtu anaanzaje."

Mzee Hasani akaviweka vitunguu juu ya benchi, akaenda zake bila kudai chochote.

Haikupita muda, Anitha akapiga simu mchana, wakati asiokuwa na kawaida ya kupiga.

"Baba, nimefikiri. Nimekutumia kitu kibovu. Nimekusumbua miezi yote hii, mtu mzima unapiga magoti kwenye sakafu kila siku kwa sababu yangu. Nimeomba likizo. Nakuja kulitengeneza mwenyewe."

Furaha na hofu vilimjia kwa pamoja hata akashindwa kuvitenganisha. Mtoto anakuja. Na mtoto akifika, atafungua koki.

Alasiri ya siku iliyotangulia kufika kwake, Methusela alilipata suluhisho. Pipa lilikuwa zima. Basi ilimpasa kuliharibu, ili uongo wake uwe kweli. Alifunga mtungi wa gesi, akalikokota pipa mpaka mlangoni, akakivuta kipete cha kifuniko. Gesi ikatoka kwa mluzi mkali. Akaendelea kukivuta mpaka mluzi ukawa pumzi, na pumzi ikawa kimya.

"Jirani!" sauti ya Mzee Hasani iliita ng'ambo ya michongoma. "Una nyoka humo, au umepata pancha?"

"Ni pipa."

Kichwa cha Mzee Hasani kikatokeza. Alitazama pipa, akatazama uso wa mwenzake, akaelewa. "Nimeona watu wakifagia nyumba mgeni akija," alisema. "Wewe ni wa kwanza ninayemwona akiichafua."

Methusela alilirudisha pipa kwenye jokofu. Sindano ililala kwenye sifuri. Aliitazama kwa huzuni, kama mtu aliyemchinja kuku wake wa mayai, lakini alijiona salama.

Anitha alifika asubuhi, vumbi la barabara likiwa kwenye kilemba chake. Alikuwa amekonda. Alipiga goti kidogo, "Shikamoo baba," na Methusela alipoitika marahaba, alikiweka kiganja chake juu ya kichwa cha binti yake na kukiacha hapo kwa muda mrefu kuliko desturi. Hakutaka hata chai kwanza. Alifungua begi: mipira mipya, saa nyingine, vipete vya raba vya kila namna. Akapiga magoti pale pale baba yake alipokuwa akipiga, akapaka povu la sabuni kwenye kila kiungo, akafungua mtungi kidogo, akatazama, akafunga, akaitoa gesi hiyo mpaka sindano ikarudi kwenye sifuri.

"Hakuna panapovuja," alisema. Akauinua mtungi, akaupima uzito kwa mkono. "Na gesi ipo. Sasa inakwenda wapi?"

"Ndiyo hiyo imetushinda," Methusela alisema, akitazama dirishani.

"Basi tuonje ilivyo."

Alichukua vikombe viwili. Akajaza cha kwanza, akampa baba yake kwa mikono miwili, kwa maana katika nchi ile mwenye pombe ndiye anayeionja kwanza mbele ya mgeni, ili mgeni ajue kwamba hakuna ubaya ndani yake. Evarista hakuwahi kumpa mtu kibuyu bila kukigusa kwa midomo yake. Methusela alikuwa amekwisha kuuandaa uso: angekunja paji, angetikisa kichwa, angesema, unaona?

Lakini kikombe kilikuwa na povu. Lilikuwa dogo kuliko la jana, ila lilikuwa povu, na alipokunywa, ulimi wake ukachekeshwa kama kawaida. Ule mkunjo wa uso haukuja. Ukaja mshangao, na Anitha aliuona.

Alijaza chake, akanywa. Akainama kuitazama sindano. Ilikuwa imepanda yenyewe kidogo juu ya sifuri, mtungi ukiwa umefungwa.

"Baba," alisema taratibu, "gesi ikishazama kwenye pombe baridi, haitoki kwa kuvuta kipete. Unaitoa ile iliyo juu tu. Ya ndani inabaki ndani, na ukiiacha, inapanda kujaza pengo. Pombe hii imeshiba gesi. Haikuanza kushiba jana wala juzi." Akakiweka kikombe chini. "Nani alikivuta kipete?"

"Mimi."

"Lini?"

"Jana alasiri."

"Na ilianza lini kuwa nzuri?"

Methusela alijaribu kukumbuka uongo mmoja unaofaa na hakuupata. "Tangu mvua za mwisho," alisema.

Anitha aliketi juu ya sakafu, mgongo ukiegemea jokofu. Methusela alingoja acheke, kwa sababu moyoni alikuwa na tumaini kwamba lingekuwa jambo la kucheka. Hakucheka.

"Likizo hii niliiweka kwa ajili ya Sabrina," alisema. "Ameingia bweni juzi. Nilimwahidi nitampeleka mwenyewe, nimtandikie kitanda. Nikamwambia, babu yako anahangaika, wewe utapelekwa na mama wa jirani. Akasema sawa, mama. Hakulia. Ningependa angelia."

"Sikujua, mwanangu."

"Ungejuaje? Tulikuwa tunatafuta panapovuja."

Alifuta povu la sabuni lililokuwa limemkaukia vidoleni.

"Ungesema tu," Anitha alisema. "Anitha, nipigie. Basi."

"Mzazi anasemaje neno hilo, mama?"

"Kwa mdomo."

Methusela alitaka kumweleza habari za simu ya stesheni na treni zinazozuiwa, lakini aliyasikia maneno hayo kichwani mwake kabla hajayatoa, na yakaonekana kwake kuwa ya mtu mwingine, mtu wa zamani sana. Akavichukua vile vikombe viwili, akaviosha.

Mchana Anitha alipika. Walikula wakizungumza mambo madogo: bei ya mtama, paa la choo, padri mpya. Alisimama uani akampigia simu mwangalizi wa bweni, na Methusela, akiwa ndani, aliisikia sauti yake ikipanda kwa uchangamfu wa kulazimisha, kisha ikashuka. Jioni Mzee Hasani alileta tikiti maji, akasalimiwa shikamoo, akatazama nyuso mbili zile, na kwa mara ya kwanza katika ujirani wao akaondoka bila mzaha.

Asubuhi ya kuondoka, Anitha alilirudishia pipa gesi yake, akaiweka sindano mahali pake, akakaza kila kitu. Wakati bajaji ikingoja nje, alimkumbatia baba yake upande upande, kama wafanyavyo watu wazima.

"Pipa ni zima, baba. Usinipigie tena habari za pipa."

"Nimesikia."

Jumapili ikapita, na simu haikulia. Ikapita nyingine. Methusela alikunywa kikombe kimoja kila jioni, kwa maana pipa lilifanya kazi yake sawasawa: halikuchacha, halikuvuja, halikumdai kumwita mtu yeyote. Alianza kulitazama kwa chuki kidogo. Chungu cha Evarista kilikuwa dhaifu na kilihitaji nyumba nzima ya watu. Chombo hiki kilikuwa na nguvu na hakikuhitaji hata yeye. Alifikiri kwamba ingekuwa rahisi kulegeza kiungo kimoja kweli kweli. Akaifungia spana kabatini, akaona haya kwa kuifungia.

Ilikuwa siku ya kazi tu, jua likiwa bado juu ya paa la Mzee Hasani, alipoichukua simu na kukaa nayo. Alivaa miwani, akaivua. Hakuwa na habari. Hakuwa na mgonjwa, wala msiba, wala mvua. Alilibonyeza jina la binti yake kama mtu anayeiba.

"Baba?" Nyuma yake palikuwa na kelele za vyombo na watu. "Baba, nilikwambia, habari za pipa..."

"Siyo pipa."

"Kuna nini? Unaumwa?"

"Siumwi." Akaikunja miwani. "Sabrina ameizoea shule?"

Kelele za vyombo zilisogea mbali, kana kwamba Anitha alikuwa ametoka mlangoni. "Sijui," alisema hatimaye. "Anasema ameizoea. Anasema hivyo kwa sauti ile ya kwako ya 'naendelea.'"

Methusela aliihamishia simu kwenye sikio la pili. Akasema, "Ndiyo," kisha akasema tena, "Ndiyo." Alihisi ule mzigo wa zamani wa laini inayoshikwa bure, na kidole chake kikasogea kukata. Akakizuia.

"Umekula?" Anitha aliuliza.

Jibu la siku zote lilikuwa tayari mdomoni, na lilikuwa uongo mdogo usiomdhuru mtu. "Sijala," alisema.

"Saa hizi? Kwa nini, baba? Hukupika?"

"Nimepika. Ugali upo, mlenda upo." Aliutazama mlango wa jikoni. "Sipendi kula peke yangu."

Lilikuwa limetoka. Aliona joto la aibu likimpanda mpaka masikioni, mtu mzima aliyestaafu, mwenye mvi. Upande wa pili Anitha hakusema pole, na Methusela alimshukuru kwa hilo moyoni.

"Mimi niko kazini mpaka jioni," Anitha alisema. "Siwezi kuongea, wageni wanaingia. Lakini usikate. Iweke simu mezani, ukapakue."

Methusela aliinuka, akaenda jikoni, akapakua ugali kwenye sahani moja na mlenda kwenye bakuli, akanawa mikono. Aliporudi, simu ilikuwa ikiongea peke yake juu ya meza: Anitha alikuwa akimkemea mtu kwa ajili ya trei ya glasi, akimwambia apanguse upya, zina alama za vidole. Methusela alivuta kiti, akafanya ishara ya msalaba, akakata tonge.